Chupa Niliyoikataa

Mimi nilisimama barazani nikasema. Naanza na hilo, mtu asije akanisimulia kana kwamba sikuwepo.

Kaunti ilituita uwanjani pa shule, huku kwetu karibu na Nkubu, isikize maoni yetu. Walisema maafisa wa wadi kila mmoja anajifanyia apendavyo, kwa hivyo mamlaka yote yatapelekwa kwa mkuu wa kila idara, mjini Meru. Dawa, mihuri, ruhusa, hata funguo za stoo. Mimi nilisema boma lenye wenyewe wengi, ng'ombe hulala njaa, na hao vijana wa wadi wametuzoea vibaya, watafutiwe mtu wa kuwashika masikio. Nikapigiwa makofi. Nilirudi nyumbani nimenyoosha mgongo.

Daktari wetu wa mifugo alikuwa amekaa nyuma. Hana vyeti vikubwa, lakini ndivyo tunavyomwita. Ukimwita alfajiri anakuja na gambuti zake za mpira miguuni, anadunga sindano, anakunywa chai yako, anaenda. Siku ile aliondoka kabla makofi hayajaisha.

Mvua ilipoisha, ng'ombe wangu akaacha kula. Nilikuwa na huyo mmoja tu, ana mimba ya miezi saba. Binti yangu alikuwa amerudi kutoka kwa ndoa iliyomshinda, hana hata sufuria, na ndama nilikuwa nimemwahidi yeye mbele ya akina mama wa kanisa. Nilimpapasa ng'ombe chini ya masikio, nikakuta matezi yamevimba kama viazi. Ndigana. Huku kila mtu anaujua ugonjwa huo: ukiwahi, anapona.

Daktari alikuja, akapima joto, akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba dawa iko stoo, lakini ufunguo uko mjini, na haitoki bila sahihi ya mkuu wa idara. Kisha akashusha sauti, kama mjukuu anayemnong'oneza bibi yake. Alikuwa na chupa moja kwa begi, imebaki tangu kabla ya mambo kubadilika. Alikuwa ameagizwa airudishe.

"Shosho, wacha nimdunge tu. Wewe usiseme."

Ningekubali ningekuwa mtu gani, baada ya kusema vile mbele za watu?

"Daktari, chupa ya serikali haifichwi. Irudishe. Hiyo sahihi nitaifuata mwenyewe."

Hadi leo nayasikia maneno hayo. Ni maneno ya mtu aliyeshiba.

Nilikaa kwa benchi la ofisi ya idara, mjini, siku mbili. Siku ya kwanza mkuu alikuwa mkutanoni. Siku ya pili karani alisoma fomu yangu, akasema haina muhuri wa wadi. Nikamwambia muhuri wa wadi uliletwa huku kwenu. Akakubali. Uko huku, akasema, ndani ya droo ya mkuu, imefungwa, na mkuu amesafiri kwenda Nairobi. Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayekuambia daraja limeenda na maji. Nikamwachia fomu, nikaondoka.

Niliporudi nyumbani jioni, ng'ombe alikuwa amelala chini, povu puani. Binti yangu alikuwa amemwekea majani ya ndizi karibu na mdomo. Hakuyagusa. Daktari alikuwa amesimama kando, mikono mitupu.

Nikamwuliza ile chupa iko wapi.

"Niliirudisha, Shosho. Vile uliniambia."

Ng'ombe alikufa tukiwa tumesimama hapo. Alizikwa nyuma ya migomba, na ndama tumboni mwake. Binti yangu hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Ruhusa ililetwa baada ya wiki tatu. Sahihi nzuri, muhuri umekaa sawasawa: ng'ombe mmoja, mweusi, doa jeupe kwenye paji, atibiwe. Daktari alinipa kalamu niandike kwamba nimepokea. Nikaandika.

Juzi tuliitwa barazani tena. Walitueleza kwamba mpango umeenda vizuri, na sasa idara ya maji nayo itafuata njia hiyo. Mwenye kuongoza mkutano akanitafuta kwa macho, akaniomba niseme neno, maana mimi ni mama asiyeogopa. Nilimwambia magoti yananiuma.

Nikabaki nimekaa.