Zunilda Anachagua pa Kulala

Huku kwetu, pwani ya jangwa la Atacama, waokota mwani hulala popote walipochokea. Unashusha turubai, unagonga vigingi vinne, unapanga mawe pembeni ili upepo usikuvue paa, basi, umepata nyumba ya mwezi mzima. Wifi yangu Zunilda Carmona hakuwa hivyo. Tukifika mahali papya alimaliza mchana kutwa akichagua pa kulala, na sisi tukimsubiri juani, mizigo ikiwa bado ndani ya pikapu. Atatembea, atasimama, ataitazama bahari kama mtu anayemkagua mkwe. Kisha atapiga magoti na kuchimba mchanga kwa kisu cha mkate.

"Mwache," mume wangu Eleuterio alikuwa akiniambia. "Anatafuta hoteli."

Eleuterio ni mdogo wake wa tumbo moja, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kumcheka, na aliitumia ruhusa hiyo vizuri sana.

Niseme ukweli mapema: Zunilda alikuwa mwoga. Simsengenyi, mwenyewe alijitaja hivyo kwa watu, kama mwingine anavyotaja kabila lake. Aliogopa pikapu ikiteremka mlima, aliogopa jiko la gesi, aliogopa mbwa wasio na jina. Alifariki miaka miwili iliyopita, kitandani, mjini, akiwa amemshika nesi mkono kwa sababu ya sindano. Lakini hofu yake kubwa ilikuwa bahari, na hapo hata mimi sikumcheka. Alipokuwa na miaka tisa baba yao alipiga kambi chini kabisa ufukweni, penye mchanga laini, ili mwani usiwe mbali. Yakaja mawimbi makubwa ya majira ya baridi, yale yanayokuja bila upepo, yakamtoa mama yao kibandani akiwa amejifunika blanketi. Siku ya tatu blanketi lilirudi, mama hakurudi. Eleuterio alikuwa bado ananyonya, hakumbuki kitu. Zunilda alikumbuka kwa niaba ya wote wawili, na kwa miaka arobaini aliendelea kuokota mwani maji yakimfika magotini, huku akitetemeka.

Mwaka ninaousema mwanangu Noelia alikuwa na miezi minane na kifua kilikuwa kinambana. Tulisikia kwamba bahari imetupa mwani mwingi kusini, mahali ambapo hakuna kati yetu aliyewahi kulala. Tulifika mchana. Korongo pana lilishuka kutoka milimani na kufungukia ufukweni. Ndani yake, hatua kama mia mbili kutoka majini, palikuwa na uwanja wa mchanga, kuta za mwamba kila upande, na upepo haufiki. Nilipoingia pale na mtoto kikohozi kilikatika. Nikasema moyoni, hapa hapa.

Mtu yeyote wa pwani yetu angesema hivyo hivyo. Tangu darasa la kwanza tunafundishwa jambo moja: ardhi ikitikisika bahari inafuata, acha kila kitu, ipe bahari mgongo, panda. Tumelizoea mpaka miguu inalijua bila kuambiwa. Na ukiwa ufukweni, njia ya kupanda ni korongo. Kwa hiyo aliyelala korongoni amelala salama, tena yuko nusu ya njia.

Zunilda aliingia nyuma yetu. Hakutazama mchanga. Alitazama ukutani, juu.

"Teyo," alimwita ndugu yake, "lile gogo limefikaje pale?"

Lilikuwa gogo kavu la mti, nene kama paja langu, limebanwa kwenye ufa wa mwamba juu kidogo ya kichwa cha Eleuterio.

"Mungu kaliweka," Eleuterio akasema, "ili mama Noelia apate pa kuanikia nepi."

"Tangu tutoke mjini umeona mti?"

"Dada, hapa mvua ilinyesha lini? Hebu taja mwaka."

"Siujui."

"Haya. Ukitaka kuogopa, ogopa bahari kama wenzako."

Zunilda alirudi kwenye pikapu. Alichukua turubai lake, sufuria yake na mablanketi mawili, akaenda kupiga kambi peke yake. Na alikochagua ndiko kulikonikasirisha, maana kulikuwa karibu na bahari kuliko kwetu. Pembeni mwa mdomo wa korongo, mkono wa kulia, bega la mwamba lilitokeza juu ya maji, na juu ya bega hilo palikuwa na kilima cha maganda ya kome. Maganda ya zamani, meupe, yaliyochanganyika na majivu, ya watu walioishi pwani hii kabla ya babu wa mtu yeyote. Jioni nilimpelekea chai. Upepo ulikuwa unamchapa vibao na turubai lilipiga kelele mpaka tukawa tunaongea kwa kufoka.

"Wifi, utaganda hapa," nikamwambia.

"Nitaganda, ndiyo." Alizamisha kisu kwenye maganda, kikaingia chote, akazamisha na mkono mpaka kwenye kiwiko. "Ona. Walikula hapa, wakarudi wakala tena, wakarudi tena. Kule kwenu nimechimba, sikupata hata ganda moja. Kwa nini, na kule hakuna upepo?"

"Labda walipenda kutazama maji."

"Labda walikuwa waoga. Wajasiri hawaachi maganda, wifi."

Nilicheka. Niliporudi korongoni nililiona lile gogo, nikasimama kulitazama. Nikaanika nepi juu yake hivyo hivyo. Kugombana na mume ni kazi, mtoto alikuwa amelala vizuri, na mimi nilikuwa nimechoka. Sina sababu nyingine ya kujitetea.

Siku ya tatu hakukuwa na ukungu asubuhi. Joto lilitukalia, na nzi, na nyuma yetu mbali sana, juu ya milima mikubwa, yakasimama mawingu meusi yasiyosema kitu.

"Mvua ya Waajentina hiyo," Eleuterio akasema. "Itaishia hukohuko kwao, ng'ambo ya milima."

Zunilda hakushuka kuokota mwani. Alikaa juu ya maganda yake akiitazama milima, na ndipo hofu iliponiingia mwili mzima, maana tangu niolewe katika ukoo ule sikuwahi kumwona akiipa bahari mgongo. Nilifanya kazi vibaya siku ile. Nilikuwa nachukua fungu la mwani, naliweka, nalichukua tena. Mchana akatufuata korongoni.

"Niazime mtoto mpaka kesho."

"Kule kuna upepo."

"Upepo upo."

"Anakohoa, wifi. Unamsikia."

"Namsikia."

"Basi siwezi."

Alinitazama, akaondoka. Lakini hakurudi kwake. Alifika mdomo wa korongo akakaa juu ya jiwe, hayuko kwetu wala kwake, kama mtu anayesubiri basi mahali pasipo na barabara. Nilitamani aondoke. Nilitamani pia nimpe mtoto, na nikaona haya kumkubalia mtu ambaye sote tulimcheka.

Saa kumi hivi, maji ya chai yalianza kutetemeka ndani ya birika. Halafu ardhi ikanguruma chini ya miguu, mawe madogo yakatiririka ukutani, na ngurumo haikuisha.

"Bahari," Eleuterio akasema. "Mama Noelia, panda. Panda."

Nilimnyakua mtoto. Eleuterio akanishika mkono na tukakimbia kuelekea juu, ndani ya korongo, jinsi miguu yetu ilivyofundishwa. Tulikuwa tumeshapita gogo nilipovutwa nywele kwa nyuma. Alikuwa Zunilda. Sikuwahi kumwona akikimbia. Alimng'oa Noelia mikononi mwangu kama unavyong'oa mwani kwenye mwamba, akageuka, akaanza kukimbia naye kuteremka, kuelekea baharini.

Niliwaza jambo moja tu: hofu imempasua akili, anampeleka mwanangu majini. Nilipiga ukelele na kumfuata, na sifichi, nilimfuata nimuue. Nyuma yangu Eleuterio alikuwa ananiita, nirudi, nirudi, kisha nikasikia nyayo zake zinanifuata. Tulitokea ufukweni. Bahari ilikuwa pale, mbele ya macho yangu, na nilingoja kuiona ikirudi nyuma kama inavyofanya kabla ya kuja. Zunilda alikata kulia, akapanda bega la mwamba kwa mkono mmoja na magoti, mwingine umembana mtoto, na alikuwa anatoa sauti ya ajabu, ya mtoto mdogo anayelia usingizini.

Nilimkuta juu ya maganda. Nilimkamata shingo. Nilikuwa bado nimemkamata korongo lilipotapika chini yetu.

Hayakuwa maji. Yalikuwa matope mazito ya rangi ya kahawia, yaliyoshushwa na mvua ya milimani, marefu kuliko mtu, yanakuja na mawe makubwa kama ng'ombe, na mawe yanagongana ndani yake. Yalipita pale nilipokuwa nimesimama muda mfupi tu kabla. Yaliibeba pikapu kwa ubavu na kuitumbukiza baharini, na bahari ikapokea kimya. Nililitafuta gogo kwa macho. Matope yalikuwa yamelipita. Nilimwachia Zunilda shingo, nikamchukua mwanangu, nikakaa chini.

Eleuterio alisimama ukingoni akitazama.

Tulilala pale, wanne chini ya turubai moja, upepo ukitupiga. Noelia alikohoa usiku kucha, na kila alipokohoa nilimshukuru. Karibu na alfajiri nilijua kwamba Zunilda hajalala pia.

"Wifi," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Ulijuaje kwamba si bahari?"

Alivuta blanketi akamfunika Noelia.

"Sikujua. Nilidhani ni bahari," akasema. "Nilipokuwa nakimbia niliona inakuja. Nilijikojolea, wifi. Usimwambie Teyo."

"Sasa kwa nini uliteremka?"

"Niliogopa juu na niliogopa chini. Nikaenda walikokula watu."

Noelia ana miaka kumi na moja leo, na jibu hilo bado linaniamsha usingizini. Kulipokucha Eleuterio alishuka mwambani, akarudi na kome ndani ya kofia yake, akawachemsha kwenye sufuria ya dada yake bila chumvi. Alikula bila kutuangalia. Alipomaliza alisimama na maganda mkononi ili ayatupe majini, kama alivyofanya maisha yake yote. Zunilda alimshika mkono. Eleuterio alipiga magoti, akayapanga maganda yake juu ya yale ya zamani, moja moja, mpaka la mwisho.