Ukumbi Ulipojaa Kabla ya Bibi Harusi

Siku ya harusi yetu nilikuwa na hofu moja tu: ndugu zangu ni wakulima wa Mbulu, ndugu wa mume wangu ni wafugaji wa Hanang, na tangu posa pande hizi mbili zilikuwa zikisalimiana kwa adabu tu, basi. Mama mkwe wangu alikuwa hajawahi kucheka mbele yangu.

Tulikodi ukumbi mpya pale Bagara. Mwenye ukumbi alikuwa amefunga mashine ya kuhesabu watu mlangoni. Ukiingia, namba inapanda kwenye kioo kilicho juu ya mlango, ukitoka, inashuka. Ikifika mia mbili taa nyekundu inawaka, na mlinzi anafunga.

Tulipofika kutoka kanisani, taa ilikuwa nyekundu.

"Samahani, dada," mlinzi aliniambia, akilikwepa gauni langu kwa macho. "Ukumbi umejaa."

"Kaka, mimi ndiye bibi harusi."

"Naona, dada. Lakini mashine inasema mia mbili."

Mume wangu akachungulia dirishani. Karibu nusu ya viti vilikuwa vitupu! Kumbe shangazi zangu walikuwa wameingia na kutoka wakiimba tangu mchana. Waliingia mmoja mmoja na zawadi kichwani, wakatoka wameshikana mabega, kundi zima kwa mpigo. Mashine ikahesabu kundi kama mtu mmoja. Kila waliporudi, namba ikazidi kupanda.

Bibi yangu, mama yake baba, akashuka kwenye gari nyuma yetu.

"Shikamoo, bibi," mlinzi akasema.

"Marahaba, mwanangu. Kama ndani kumejaa, watoe. Harusi iko huku nje."

Akapiga kigelegele. Akaitikiwa kutoka ndani, na watu wakaanza kumiminika uani. Wajomba wa mume wangu wakajipanga kwenye vumbi, fimbo mkononi, wakaanza kuimba na kuruka. Shangazi zangu wakawajibu kwa wimbo wao. Mwanzoni nyimbo zilipishana vibaya, kila upande ukivutia kwake. Kisha mjomba mmoja akashika mdundo wa shangazi, na duara likawa moja.

Mwenye ukumbi alikuja mbio kuomba radhi. Taa ilikuwa imeshakuwa ya kijani, lakini hakuna aliyetaka kurudi ndani. Akacheka, akavua koti, akasaidia kubeba meza kuzitoa nje.

Keki tuliikatia juani, krimu ikichuruzika hadi kwenye mkono wa gauni langu. Nilikuwa bado naifuta nilipohisi mtu amenishika kiwiko. Mama mkwe. Jasho lilikuwa linamtiririka, shanga zake zimegeukia mgongoni.

"Njoo, mwanangu," akasema. "Umesimama kama mgeni. Njoo turuke."

Nikavua viatu. Niliruka vibaya, karibu nimkanyage, naye akacheka mpaka akaniegemea begani.