Sufuria ya Nini?

Mwenye duka la vitu vya nyumbani sokoni Mwanga hauzi hata kikombe kabla hajauliza ni cha nini. Tabia hiyo imenikera kwa miaka.

Juzi mbele yangu alisimama mama mmoja mkamuaji wa mawese, viganja bado vyekundu kwa kazi, dumu likiwa miguuni pake. Akaomba sufuria kubwa.

"Ya nini, mama?"

"Mafuta yangu ya taa yameingia maji. Nitayachemsha mpaka maji yakauke, kama ninavyofanya mawese. Moto nimeshauwasha nyumbani."

Mwenye duka aliikumbatia ile sufuria kama mtoto mchanga.

"Hapana, mama yangu! Hayo si mawese. Mafuta ya taa yanatokana na mafuta ghafi, na hayo yakitoka ardhini yana kila kitu ndani. Kiwandani wanayachemsha kwenye mtambo uliofungwa, mvuke wote wanaukusanya: petroli inatangulia kupanda, halafu mafuta ya taa, halafu dizeli, na lami inabaki chini. Wewe jikoni kwako mvuke utaukusanyia wapi?"

Mama akainua macho taratibu, kama anayeliona paa la jiko lake. "Utashika moto."

"Utashika. Yaache yatulie, maji yatashuka chini, umimine ya juu polepole."

Mama akakaa juu ya dumu lake, akashusha pumzi, kisha akacheka mpaka akajifuta machozi. "Ngoja nikazime moto wangu."

Zamu yangu ikafika. Nikaomba kiberiti.

"Cha nini?"

Kwa mara ya kwanza nilimjibu bila kununa.