Kopo Linalogawa Maji

Saa kumi na mbili asubuhi, jua bado halijachungulia, fundi bati mmoja anainama juu ya beseni la plastiki akiwa na kopo kila mkono. Mbele yake wamesimama watu kama ishirini, majembe begani. Anayaweka makopo yote mawili juu ya maji kwa pamoja, anaondoa mikono na kurudi nyuma hatua mbili.

Makopo yanaelea. Kila moja lina tundu dogo chini, lililotobolewa kwa msumari, na maji yanapanda ndani yake taratibu. Baada ya muda ambao mimi mgeni niliuona mrefu kama ibada, yanazama yote mawili, karibu kwa mkupuo mmoja.

"Haya, leo hatuibiwi," anasema mwanamume mmoja wa mashamba ya chini ya mteremko, na watu wanacheka. Fundi naye anacheka. Kisha anachukua kopo moja, la pili analikausha kwa ncha ya khanga yake na kulitundika kwenye msumari ukutani, na siku ya maji inaanza.

Ana miaka hamsini na sita na watu wote wanamwita Mama Kopo. Mchana hutengeneza karai, faneli na ndoo za kumwagilia, akiwa amekaa hapo hapo langoni mwa tangi la maji. Lakini kazi inayomfanya asalimiwe na kila apitaye ni kugawa maji ya chemchemi moja kwa kaya sitini, thelathini zikiwa juu ya mteremko na thelathini chini.

Chemchemi hiyo zamani ilitosha watu, mashamba na ng'ombe, na mengine yakapotea bondeni bila mtu kuyajali. Mvua zimekuwa haba kwa miaka kadhaa, na misimu mitatu hii zimekosa kabisa. Usiku kucha maji hujikusanya kwenye tangi la saruji, na asubuhi yakifunguliwa, mfereji haufiki kifundo cha mguu.

Utaratibu wake ni mwepesi hata mtoto anauelewa. Kopo likiwekwa majini, maji yanakwenda kwenye shamba lako. Likizama, zamu yako imekwisha, bamba la chuma linasogezwa na maji yanakwenda kwa jirani. Kuzama kunachukua dakika ishirini na nne, kwa hiyo toka jua kuchomoza hadi kuzama zinapatikana zamu thelathini. Kumi na tano za juu hutangulia, kumi na tano za chini hufuata. Kesho yake ni nusu nyingine ya kila upande.

Nilimuuliza kwa nini wasitumie saa. Alinionyesha kikapu kilichoning'inia langoni, kimejaa simu, yangu ikiwa juu kabisa. Hakuna anayeruhusiwa kukaribia tangi na kitu kinachosema saa.

"Saa ndiyo iliyotukatakata," alisema.

Miaka minne iliyopita, simu ya mtu wa juu na saa ya mkononi ya mtu wa chini zilipishana dakika nane. Kila mmoja aliapa kuwa yake ndiyo sahihi. Kabla jua halijafika utosini, watu watatu walikuwa wamelala hospitali. Mmoja wao alikuwa kaka yake fundi, mkulima wa juu, aliyepoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Aliyemkata ni mdogo wa mume wa fundi, mkulima wa chini.

Mama Kopo alizaliwa juu na kuolewa chini. Juu wanamwita shangazi, chini wanamwita shemeji, na wiki zile alikuwa hana pa kuweka uso. Asubuhi alimpelekea kaka yake uji wodini, jioni akampikia aliyemkata.

"Nilikuwa nasonga ugali machozi yanaingia kwenye sufuria," aliniambia. "Dakika nane, mwanangu. Hata chai haijapoa."

Ufumbuzi ulimjia kazini. Mteja alileta kikombe cha bati kinachovuja, naye akakiweka kielee majini ili aone tundu liko wapi. Akaitwa nje. Aliporudi kikombe kilikuwa kimezama. Akakirudisha, akahesabu. Akakirudisha tena, akahesabu tena, na hesabu ikatoka ile ile. Kikombe cha mteja kilikaa kwake siku tisa, mwenyewe akidhani kimepotea.

Nakiri kwamba hapo niliacha kuandika. Watu waliosoma wangeitisha mikutano mwaka mzima juu ya jambo hili, na huyu mama alilimaliza kwa msumari.

Alitengeneza makopo mawili siku moja, kwa bati moja na msumari mmoja. Moja lilianza kazi. La pili, analoliita kopo mama, alilitundika kavu karakanani kwake, jirani na tangi, likae kama kumbukumbu. Kwa miaka minne hakuna aliyeinua jembe kwa ajili ya maji. Malipo yake ni debe moja la mahindi kutoka kila kaya kila msimu, kukiwa na mahindi.

Kisha mwaka huu chemchemi ikapungua zaidi, na maji yake yakawa mazito kwa chokaa, yakiacha utando mweupe kwenye masufuria. Kaya za mwisho za upande wa chini zikaanza kukosa zamu. Jua lilikuwa linazama kabla ya kuwafikia watu wanne, kila siku, kwa wiki tatu. Walipomlalamikia, aliwajibu kuwa siku zimekuwa fupi.

"Niliwaambia jua linawahi," alisema, akafunika uso kwa viganja. "Jua! Nililisingizia jua, maana kopo nililiamini kuliko macho yangu."

Chini hawakuliamini jua. Waliona kwamba zamu za juu zinachelewa kwisha na kwamba mgawaji ana kaka huko juu. Siku moja saa tisa alasiri walipanda mteremko na mapanga, shemeji yake akiwa mbele. Wa juu walishaambiwa, wakateremka na yao. Walikutana pale pale langoni, yeye akiwa katikati na faneli mkononi ambayo hajamaliza kuiunga.

Hakupiga kelele. Aliomba wamsubiri, akaenda karakanani akarudi na kopo mama. Akajaza beseni, akaweka makopo yote mawili, akawaambia wahesabu wenyewe. Watu wenye mapanga walichuchumaa kuzunguka beseni. Kopo mama likazama. La kazi likabaki linaelea, na likaendelea kuelea dakika nne nzima.

Alilitoa, akaligeuza juani. Utando ule ule wa masufuria ulikuwa umepunguza tundu kidogo, na kila zamu ikarefuka dakika nne, hata siku ikaisha kwenye zamu ya ishirini na sita. Angeweza kulaumu maji na hakuna ambaye angembishia. Badala yake alisema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Kosa ni langu. Wa chini mmeonewa, na aliyewaonea ni mimi."

Kisha akasema lililo gumu zaidi. Zamu nne kwa siku, kwa siku ishirini na moja, ni zamu themanini na nne, na ni lazima wa juu wazirudishe. Mahindi ya juu yalikuwa yanachanua mbelewele, wakati ambao siku moja ya kiu ni gunzi tupu. Watu wa juu walianza kunguruma. Ndipo kaka yake akasogea mbele, akaliacha panga lake ukutani, akasema, "Anzeni na zamu yangu."

Tangu siku hiyo tundu linasuguliwa kila asubuhi kwa sindano na majani ya ndimu, na makopo yanapimwa mbele ya watu. Karakanani wanajifunza wasichana wawili, mmoja ni binti wa kaka yake, mwingine ni binti wa shemeji yule. Mtihani wao ni kutengeneza kila mmoja kopo lake, bila kutazamiana, na yazame pamoja. Mpaka sasa la mmoja linazama kama jiwe na la mwenzake haliendi popote.

"Macho yangu yanachoka," anasema. "Nataka niwaachie hawa kabla sijaacha kuliona tundu. Na wawe wawili daima, wa juu na wa chini."

Leo ni siku ya ishirini na moja ya kurudisha. Kaya nyingi za juu zimetoa zamu tatu, kaka yake ametoa tano, na robo ya shamba lake imekauka kabisa. Zamu ya mwisho ni yake pia. Anafika langoni saa nne, anamsalimia dada yake, anatumbukiza simu kikapuni. Shemeji anasubiri chini, kwenye mdomo wa mfereji wake.

Mama Kopo anaweka kopo majini. Kaka yake anashika bamba la chuma kwa vidole vitatu, anavuta mara mbili mpaka linaachia, na maji yanateremka kuelekea kwenye shamba la aliyemkata.