Madoa ya Mkoko Barazani

Mavyaa, yaani mama wa mume wangu, alipoondoka kwenda Hija aliniachia jambo moja tu: baraza. Ilikuwa imepakwa chokaa wiki ile ile, nyeupe pe, na kwetu Gando anayerudi Makka hukaa barazani watu wakaja kumpa mkono.

"Itunze, mwanangu," aliniambia.

"Inshaallah, Bi."

Nilikuwa bi harusi wa miezi minne, natamani sana anipende.

Boriti za mkoko za kuezekea jiko zililetwa katikati ya masika, mbichi, na magamba yake. Mume wangu alitaka zimenywe kwanza, kisha zilazwe juu ya mawe uani. Nikasema uani kumejaa maji, ziwekwe barazani. Mimi nikishasema, nimesema. Mvua ya upepo ikapiga siku mbili, na tulipoziondoa baraza ilikuwa na michirizi myekundu kama iliyomwagiwa chai kavu isiyo na maziwa.

Nikakoroga chokaa, nikapaka. Ilipokauka madoa yakachomoza, yamekoza kuliko mwanzo. Nikapaka tena, yakawa ya kahawia. Nikalia kwa hasira na kumlaumu mume wangu, ambaye hakuwa na kosa hata chembe.

Jirani yetu, bibi aliyenifundisha kusuka mikeka, alipita akaniona na ndoo ya chokaa. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Kwani weye, ukili wa mikeka wautia rangi na nini?"

"Magamba ya mkoko, Bi."

"Na ukitaka ikoze?"

Nikaitua ndoo chini. Tulikuwa tukitia chokaa, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiikoroga kila mara. Sasa nilikuwa naipika rangi juu ya baraza ya mavyaa.

"Tafuta mbirimbi," akasema. "Ukali wa matunda yake huikata rangi."

Nilikwangua chokaa yote. Nikaponda mbirimbi kapu zima, nikapaka maji yake, nikayaacha kidogo, nikasugua kwa kumbi la nazi na kusuuza. Kazi ya siku tatu. Chokaa na ule ukali vilinila viganja hadi ngozi ikapasuka. Baraza ilipokauka juani bila doa, ndipo nikapaka chokaa mpya. Boriti zilikuwa uani juu ya mawe, zimemenywa, kama alivyotaka mume wangu tangu mwanzo.

Mavyaa akarudi, watu wamejaa mlangoni. Nilipomshika mkono niubusu, aliugeuza wangu akakitazama kiganja. Kisha akaitazama baraza, nyeupe kuliko alivyoiacha.

"Niliichafua, Bi," nikasema. "Si mwanao. Ni mimi niliyeweka boriti mbichi juu yake."

Aliwaomba wageni wamngoje, akaniingiza ndani, na kabla hata ya kuvua nguo za safari akanipaka mafuta ya nazi viganjani, kidole kimoja kimoja, baraza ikimsubiri nje.