Sura ya Saba ya Mheshimiwa Medard

Kadi yake ilisema "Mheshimiwa Medard, Mwanasiasa na Mwandishi", na aliigawa pale Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika huko Uchina, kwa kila Mtanzania, Mkenya na Mkongo aliyeingia mgahawani, hata kwa Mchina aliyekuja kufuta meza. Siasa yenyewe ilikuwa udiwani wa kipindi kimoja huko Dar es Salaam, na ukumbusho wake mkubwa ni kisima kilichozinduliwa kwa ngoma na utepe, kikakosa kitu kimoja tu, maji. Wapiga kura, watu wasio na shukrani hata chembe, walimwondoa mwaka 1994. Tangu hapo Medard alisema yuko uhamishoni.

Uhamisho huo uligharamiwa na mkewe, Leokadia. Alfajiri, mheshimiwa akiwa bado anakoroma, mama huyu alikuwa ndani ya basi la kwenda Shiling, kwenye viwanda vya mikoba. Alishinda huko akibishana na laobani, yaani bosi wa kiwanda, juu ya zipu na mishono, akijibiwa "mei you", hakuna, mpaka anyanyuke kuondoka, na hapo kile ambacho hakipo kikapatikana. Mzigo ukijaa aliufunga kwa mikono yake, akaukabidhi kwa Tahir, wakala wa makontena, kisha akampigia simu mdogo wake Clementina, mwenye kusimamia duka lao la Kariakoo, kumwambia kila katoni lina nini. Simu hiyo ilikuwa ya lazima. Kariakoo mikoba ya jumla inauzwa katoni likiwa limefungwa vilevile, na bila maelekezo hakuna anayethubutu kulifungua.

Medard alikuwa na kazi nzito zaidi. Alikuwa anaandika maisha yake.

"Mama Dismas," alimwambia siku moja, amejilaza kitandani na kalamu sikioni, "wewe nimekutengea sura nzima."

Leokadia si mtu wa kubabaishwa kwa maneno, malaobani wa Shiling ni mashahidi, lakini hilo lilimwingia. Mtoto wao Dismas alikuwa shule ya bweni Morogoro, akikua huku akiamini baba ndiye anayemsomesha, kwa sababu baba ndiye mwenye muda wa kumwandikia barua. Leokadia alitaka, jamani alitaka kweli, mwanawe asome siku moja kwa herufi za kuchapwa kwamba mama yake naye alihangaika. Hakuomba gari wala dhahabu, sura moja tu.

Mwaka 1999 kitabu kikakamilika. Kiliitwa Nilivyowatumikia, na kilichapwa uchochoroni nyuma ya barabara ya Yide Lu na mafundi wasiojua hata neno moja la Kiswahili, jambo lililowaepusha na mengi. Medard alikihitaji Dar haraka. Chama kilikuwa kimeitisha kikao cha kuwatazama wanaotamani ubunge, na yeye alipanga kumpa kila mjumbe nakala mkononi. Bila kitabu, alisema, atakuwa diwani mstaafu kama wengine.

Tahir alikuna kichwa. "Kontena limejaa, mheshimiwa. Labda tushushe mikoba ya mama."

"Si ishushwe!" alisema Medard, mtu mkarimu sana kwa mali ya mwenzake.

Leokadia ndiye aliyepata njia. Kila mkoba wa Shiling hushindiliwa makaratasi tumboni usije ukalala. Akayatoa makaratasi, na kila mkoba ukamezeshwa kitabu. Nafasi ikatosha bila kushusha chochote. Clementina angepigiwa simu afungue makatoni, avitoe vitabu, kisha auze. Medard alisaidia kwa kuketi kitandani na kusifia wazo.

Katikati ya kazi Leokadia akachukua nakala moja, akaanza kuitafuta sura yake. Akapita utoto, akapita kisima chenye kurasa thelathini. Mwishoni, kwenye shukrani, aliwakuta mwenyekiti wa chama, dereva wa zamani na Tahir. Chini yao kulikuwa na "mke wangu, kwa uvumilivu wake". Hata jina!

Kisha akarudi nyuma mpaka sura ya saba. Loo! Mambo yote yalikuwemo: basi la alfajiri, laobani, hata ile mbinu yake ya kunyanyuka kuondoka. Ila aliyepanda basi na kunyanyuka alikuwa Medard. "Kila mzigo naufunga kwa mikono yangu," alisoma, "na simu ya Kariakoo naipiga mwenyewe, kwa kuwa sijapata wa kumwamini."

"Baba Dismas, sura yangu ndiyo hii?"

"Mama, siasa ndivyo zilivyo. Mke na mume si mwili mmoja?"

Leokadia hakulia wala hakugomba. Alifunga makatoni yote vizuri, akayabandika gundi, akanawa mikono, akalala. Simu hakupiga.

Meli ilipokaribia Dar, Medard alipanda ndege na suti mpya. Dukani alikwenda asubuhi ya kikao chenyewe, na kumkuta Clementina anacheka kwa furaha.

"Shemeji, mzigo umeisha wote! Makatoni mengine yamekwenda Mbeya, mengine Mwanza, mengine Lubumbashi."

Kikaoni mheshimiwa alisimama mikono mitupu, akaeleza kwamba amekwisha andika kitabu kizuri sana ila kimo ndani ya mikoba ya akina mama. Wajumbe walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Jina lake halikupita.

Jioni simu ya hoteli walikopanga ikalia kule Xiaobei.

"Leokadia! Umenimaliza! Kwa nini hukumpigia Clementina?"

"Mimi tena?" alisema Leokadia. "Fungua sura ya saba, mheshimiwa. Simu ya Kariakoo unaipiga mwenyewe."

Upande wa pili Medard akapapasa mifuko ya suti.

"Nakala sina," alisema Medard.

"Mimi ninayo moja," alisema mkewe. "Namtumia Dismas. Jina la mwenye sura ya saba nimeshalisahihisha kwa kalamu."