Vidonge vya Presha Vilivyoliwa na Panya wa Kyimo

Jamani, mdomo wangu huu utaniponza. Tangu watu binafsi waruhusiwe kufungua maduka ya dawa, nauza katika duka moja hapa mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu. Wiki iliyopita Bibi Tusajigwe wa kijiji cha Kyimo alikuja na cheti cha daktari kuchukua vidonge vya presha. Akaniuliza kama ni salama. Badala ya kujibu "ndiyo" tu, nikajifanya mtaalamu.

"Bibi, panya hulishwa chumvi mpaka wapate presha, ndipo wanapewa dawa hii."

"Kumbe ni dawa ya panya?"

"Ndiyo, ilianza kwa panya!"

Akavifunga vidonge kwenye pindo la khanga. "Ndaga, mwanangu. Asante kwa kuniambia ukweli."

Jana alirudi akiyumba, ameshikwa mkono na binti yake, nesi. Presha ilikuwa imepanda vibaya. Nami, duka likiwa limejaa, nikaanza kumgombeza.

"Bibi, si nilikuambia umeze kila asubuhi?"

"Nimeze sumu ya panya?" akashangaa. "Nimewatilia wenyewe kwenye ugali. Wamemaliza vyote, na hajafa hata mmoja!"

Duka zima likaangua kicheko. Nesi peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.